Mbegu za Paipai na Visigino Vyangu

Sifa zimrudie Yesu, ndugu zangu! Leo nasimama mbele yenu bila viatu, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Mimi ni muuza paipai hapa Mangobo. Mnajua desturi yetu: kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Ndugu zangu, miaka minne sikuikaribia Meza ile! Ni aibu iliyonizuia. Visigino vyangu vilikuwa vigumu kama ganda la muhogo mkavu, vimepasuka, vimejaa weusi wa matope ya soko. Nani atashika mguu huu? Kila Jumapili ya Meza nilijifanya mgonjwa. Nilimdanganya mchungaji, nikamdanganya na mume wangu.

Siku moja nikachukua wembe nivikwangue. Nikajikata! Nikafika sokoni nachechemea, damu kwenye kandambili. Mama Feza, jirani yangu anayeuza pondu, majani yale ya muhogo, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia yote huku nalia.

"Mwanangu, acha wembe," akasema. "Kidonda ipone kwanza. Kisha hii mbegu ya paipai unayotupa kila siku, ukaushe, utwange, usugulie miguu."

Mbegu ninazomwaga mtaroni! Siku ile ile nikaanza kuzianika.

Kidonda kilipopona nikaanza, lakini mara ya kwanza nilifanya pupa. Nilitwanga juu juu, nikasugua chenga zile hadi ngozi ikawaka. Mama Feza akacheka: "Eh! Unasugua sufuria?" Nikatwanga tena, nikachekecha kwa kitambaa, nikachanganya unga ule laini na mafuta. Nikaloweka miguu, nikasugua polepole. Wiki zikapita, ngozi iliyokufa ikatoka, na chini yake ngozi mpya! Nilishika kisigino changu nikasema: Ee Mungu, umeficha nini tena ndani ya takataka zetu?

Jumapili iliyopita nikaenda. Nikapangwa pamoja na dada mmoja wa kwaya, yule wa viatu vya kung'aa; ameniruhusu niseme haya. Akaniosha. Zamu yangu ilipofika, akakawia kuvua viatu. Alipovua, ndugu zangu, visigino vyake vilikuwa vibaya kuliko vyangu vya zamani! Nikaishika miguu ile kwa mikono miwili, nikaiosha nikilia.

Namshukuru Mungu kwa mbegu, namshukuru kwa Mama Feza. Lakini sikieni: dada yule hakuikosa Meza hata mara moja. Alikuja na miguu ile ile, mimi nikabaki nyumbani. Wewe unayejificha, mwamini Yesu. Njoo na miguu uliyo nayo!