Taa za Nyuma za Papa Kesho

Benchi yangu iko kando ya barabara ya Kasenga, hapa Naviundu, kabla ya daraja. Mimi ni Laurentine, nauza kahawa na beignets, maandazi ya kwetu, na mbao za benchi hiyo zimesuguliwa na suruali za wanaume wasio na kazi mpaka zinang'aa. Nasema habari za mwaka wa tisini na saba, mwisho wa mwezi wa tatu. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, ingawa watu walishaanza kulitaja jina hilo kwa sauti ya chini. Waasi walikuwa wanashuka kutoka kaskazini, askari wa serikali wanakimbia mbele yao wakinyang'anya kila chenye magurudumu, umeme umekatika, na couvre-feu, amri ya kutotembea usiku, inaanza saa kumi na mbili jioni. Ukikutwa na gari barabarani baada ya saa hiyo, gari si lako tena. Tangu Jumatano ya wiki hiyo wanaume wa benchi yangu walijadili jambo moja tu: vioo vya taa za nyuma za Toyota ya Liévin.

Lazima mumjue Liévin. Mkewe, Émerance, alikwenda Kasomeno, mbali mbele kwenye barabara hii hii, na watoto wawili kumzika baba yake, na vita vikawakuta huko. Jumatatu dereva wa lori la samaki alisimama hapa kwangu akaleta ujumbe wake: tutakungoja kwenye njia panda kila asubuhi, njoo utuchukue. Liévin akasema, kesho. Jumanne betri ilikuwa imekufa, akasema kesho. Jumatano aliondoka kweli. Alifika barrière ya kwanza, kizuizi cha askari kilometa tatu kutoka hapa. Askari akamvua saa, akamwekea bunduki sikioni, kisha akazipasua taa zote mbili za nyuma kwa kitako cha bunduki ileile na kumwambia arudi akatengeneze taa zake. Alirudi na uso wa mwanafunzi aliyepewa ruhusa ya kutoka darasani. Tangu siku hiyo benchi ilimwita Papa Kesho, na yeye aliitika.

Ijumaa mchana akaja na zile taa mbili zimefungwa ndani ya shati, pamoja na vioo viwili vyekundu alivyovipata kwa wauza vipuri vya okasio, vilivyokwisha kutumika.

— Muangalie, akasema. Ma-vitre niko nayo. Mais lampe haifunguke. Haina vis hata moya ya kufungulia. Kule ku usine baliifunga na colle, gundi ya nguvu, vitre na plastike inakuwa kintu moya.

Chef de Gare akaipokea taa, akaigeuza, akainusa. Huyu jina lake ni Vital, na hajawahi kuwa mkuu wa stesheni hata siku moja. Kazi yake ya reli ilikuwa kuwasha taa nyekundu ya behewa la mwisho.

— Hii inaomba moto, alisema. Moto kidogo, polepole. Colle inakuwa laini, unaondosha vitre ya zamani, unapanguza, unatia colle ya mupya, unafinya. Miaka makumi tatu nilikuwa na ma-lampe mu mikono.

— Ulikuwa nayo mu mikono juu ya kuitia petroli, akajibu Radio.

Radio ni Gradi. Anasikiliza idhaa za nje, halafu anatusomea habari pamoja na nyongeza zake.

— Na moto ya wapi? akaendelea. Courant ya umeme haiko tangu dimanche. Utatia lampe mu four ya mikate ya nani?

— Makala haiko? akauliza Chef de Gare, akionyesha makaa yangu.

— Makala inaunguza plastike, weye!

Wa tatu ni Paulin, tunamwita Grossiste, mtu wa Butembo aliyekuwa anauza sukari na sabuni kwa jumla. Askari walichukua malori yake mawili mwanzoni mwa mwezi, kwa hiyo naye alikuwa na nafasi ya kukaa.

— Sisi kule Butembo tungekuwa tulisha kumaliza hii kazi, alisema. Unapasha kisu moto, unakata colle yote, unabandika tena na solution ya kubandika ma-chambre à air ya baisikeli. Saa moja tu.

— Na mvua ikiingia mu lampe? akauliza Radio.

— Unatoboa shimo chini, mayi inatoka.

— Na mavumbi ikiingia mu shimo?

— Unaziba shimo.

— Na mayi?

— Unatoboa.

Kwa nusu saa walilitoboa na kuliziba shimo lile. Liévin alikuwa ameinama, anavisugua vioo vyake kwa pindo la shati.

— Yule soda wa barrière, akaanza ghafla. Mkono wake ukaenda wenyewe sikioni. — Bunduki ilikuwa baridi. Mi nilizania...

— Mama Laurentine, akamkata Chef de Gare, mayi yako iko moto?

Hakuna aliyetaka kumsikia. Mmoja akisema anaogopa, wale wengine watalazimika kujitazama, na wanaume wa benchi yangu hawakukaa pale kwa kazi hiyo. Macho yote yakageukia sufuria yangu iliyokuwa juu ya mbabula, jiko langu la makaa.

— Hapana, nikasema. Ile ni mayi ya kawa.

— Mayi haiunguze sawa makala, Mama, akasema Chef de Gare. Ile njo moto yenye inafaa colle.

— Ni juu ya bibi yake na batoto, akasema Grossiste.

Maneno hayo yakanishinda, nikafunua sufuria. Ukweli ni kwamba nilikuwa na swali langu tangu Jumatano. Nililimeza, kwa sababu mwanaume anayeondoka hanunui kahawa, na wiki ile wateja walikuwa wachache. Nasema wazi, nisije nikajifanya mwema mbele yenu.

Taa mbili zikazama ndani ya maji ya kahawa. Walipokuwa wanangoja, akili zikachemka kabla ya maji.

— Munazania nyekundu ni kintu ya bure? alisema Chef de Gare. Ku treni, behewa ya mwisho njo inabeba lampe nyekundu. Treni inapita, chef wa stesheni anaona nyekundu, anayua treni iko kamili. Haione nyekundu? Kuko behewa yenye ilibakia mu pori. Anafunga njia! Hakuna treni ingine inatoka mpaka bayue nini ilibakia.

— Toyota iko na ma-behewa?

— Motoka bila rouge, bila nyekundu nyuma, ni nusu ya motoka, Radio. Liévin anaweza kuenda kuchukua bibi yake na nusu ya motoka?

— Hapana, akasema Liévin haraka.

— Miye nilisikia ku radio ya inje, akasema Radio. Baasi benye banashuka bako na ma-jumelles ya kuonea mbali. Banahesabu ma-rouge. Mbili, ni raia, banakuacha. Moya, ni moto, pikipiki ya basoda. Bila rouge, ni serikali inakimbia. Banapiga!

— Nani alikuambia? akauliza Chef de Gare.

— Journaliste. Na sauti ya muntu mukubwa kabisa.

Grossiste akatikisa kichwa, akashusha kikombe.

— Baasi haiko tatizo. Tatizo ni soda wa barrière. Yeye anataka motoka yenye inakuya. Yenye inaenda anaiacha, alichoka kukimbia. Sasa, weye Liévin, tia rouge mbele.

— Mbele?

— Mbele! Anaona nyekundu, anasema, ile inaenda zake. Wakati anashituka, ulisha kumupita.

— Na ma-phare ya mbele?

— Nyuma.

— Mais kama ni vile, akaruka Radio, hakuna lazima ya kubadilisha ma-lampe! Aende marche arrière, kinyumenyume! Kutoka hapa mpaka ku Kasomeno!

— Kilometa zaidi ya mia? akauliza Chef de Gare.

— Shingo itauma siku mbili, basi.

— Na ku kurudia?

Hapo wakakwama, maana ilikuwa wazi kwamba akirudi mbele mbele, hesabu yote inageuka. Chef de Gare akachukua kijiti na kuanza kuchora Toyota mavumbini, pua huku, mkia kule. Na Liévin, mtu mzima, baba wa watoto wawili, akauliza bila hata kutabasamu:

— Marche arrière haikule mafuta ya essence mingi?

Wakapiga na hesabu hiyo pia.

Chef de Gare alipozitoa taa kwa mwiko wangu, ya kwanza ilifunguka vizuri, lazima niseme haki yake. Kioo kilichovunjika kiliachia kote, gundi ikavutika. Ya pili ilikuwa imelala chini kabisa ndani ya sufuria, karibu na moto, ikajikunja. Haikuweza kupokea kioo chochote tena.

— Haizuru, akasema Liévin. Kesho natafuta ingine.

Niliona mabega yake yakishuka kwa raha, na nikamchukia kidogo.

Ilikuwa karibu saa kumi. Lori la samaki likatokea upande wa Kasenga, mlango umefungwa kwa kamba. Penye taa za mbele palikuwa na mashimo mawili, na nyuma hapakuwa na hata mashimo. Likasimama mbele ya benchi. Kutoka juu ya magunia akashuka mwanamke mwenye kitambaa cha matanga kichwani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akapokewa na dereva. Wote watatu walikuwa rangi moja ya vumbi. Radio akasimama kwenda kuuliza habari za vita, kisha akakaa tena polepole.

— Jambo yenu, akasema Émerance.

Akatazama sufuria yangu.

— Muko munapika nini?

— Ma-lampe, akajibu Chef de Gare.

Liévin alikuwa wima, kioo chekundu katika kila mkono.

— Eme, nilikuwa nakuya. Kweli ya Mungu. Kesho asubuyi. Soda alipasula ma-lampe ya nyuma, alisema nitengeneze kwanza. Ilibakia tu colle.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

— Tulikungoya ku njia panda siku tatu, alisema. Kila motoka, batoto banasimama. Leo tulipanda ile kamio, haina lampe mbele, haina nyuma. Ku barrière basoda balikamata nusu ya samaki, shiye na batoto balituacha.

Akamweka sawa mtoto mgongoni. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

— Ulikuwa unakuya usiku?

Ndilo lilikuwa swali langu, lile nililolimeza. Couvre-feu saa kumi na mbili, hakuna gari linalotembea gizani Katanga nzima, na mchana taa ya nyuma haina kazi, iwe nzima iwe imepasuka. Chef de Gare alikuwa anaifuta kwa mguu ile Toyota aliyoichora mavumbini. Grossiste alikuwa anatazama daraja.

— Niliogopa, akasema Liévin mwishowe. Eme, niliogopa.

— Shiye pia, akasema Émerance.

Akamshika mkono mtoto mkubwa, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani. Liévin akawafuata kwa mbali, vioo vyake bado mikononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aviweke chini. Jua la jioni lilikuwa linavipiga, vyekundu viwili, nyuma kabisa ya familia yake. Chef de Gare akainua mkono kwa mazoea, kama mtu anayeipitisha treni iliyo kamili. Nikauchapa mkono huo kwa kitambaa changu cha vyombo, akaushusha.

Kisha nikachukua sufuria nikamwaga maji yote barabarani.

— Na kawa, Mama? akauliza Radio.

— Iliisha, nikamwambia. Rudieni kwenu.