Sakafu ya Mzee Timazi

Ndugu, majirani na marafiki, mjane ameagiza historia hii isomwe kama ilivyo bila kupambwa, kwa kuwa yeye mwenyewe amechoka kupamba.

Mpendwa wetu, fundi mwashi mliyemzoea kwa jina la Mzee Timazi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1944, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuza maziwa, akaanza shule mwaka 1952 na kumaliza darasa la nane mwaka 1959, ambapo mwalimu wa hesabu alimwandikia kwamba ana akili ila hashauriki, na mkewe anasema mwalimu yule alimaliza maneno yote.

Mwaka 1961 alianza kwa kubeba zege, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ujenzi, na jicho lake liliaminiwa hata kabla pima maji haijatoka sandukuni. Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na mshonaji aliyekuwa amemfuata kulalamikia mlango wa duka usiofungika, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na wavulana wawili waliorithi ubishi.

Kuanzia mwaka 2015 masikio yalianza kumwacha, redio yake ikawa inasikilizwa na mtaa mzima, kila aliyezungumza naye akalaumiwa kwamba ananong'ona, kisha akaanza kuyumba. Hapo, jamani, ndipo mkewe alipokiona cha moto, kwani marehemu alitangaza kwamba sakafu ya nyumba imeinama. Aliipima kwa pima maji, kiputo cha hewa kikatulia katikati, yaani iko sawa, akasema pima maji imeharibika, akanunua nyingine, nayo ikasema vilevile, akaitukana, akavunja sakafu ya sebule nzima na kuimwaga upya, na bado akayumba.

Daktari wa masikio alimweleza kwa upole kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye maji vinavyoujulisha mwili kama umesimama wima, na vinyweleo vinavyopokea sauti, na kwamba uzee huvichakaza vyote, na vinyweleo hivyo vikifa havioti tena. Marehemu alijibu kwamba ameshika pima maji kabla daktari hajazaliwa. Fimbo aliikataa, na kifaa cha kusikia akakitupia sandukuni pamoja na miiko yake ya uashi, eti kinampigia mluzi.

Mkewe hakutaka makuu, alitaka tu mume wake asianguke. Alileta fundi akafunga bomba la kushikia bafuni, na asubuhi ya tarehe 22 Julai 2023 Mzee Timazi akaling'oa, akidai limekaa kombo na atalifunga mwenyewe baada ya chai. Baada ya chai akaenda kuoga kwanza. Mkewe, aliyemfuata na taulo, aliuona mkono wake ukilitafuta bomba palepale lilipokuwa, akajua kwamba kumbe siku zote alikuwa akilishika kimyakimya, na hilo ndilo linalomkasirisha mpaka sasa.

Nyonga ilivunjika, mapafu yakajaa maji, na wodini ndipo alipokubali kuvaa kifaa cha kusikia, hivyo mkewe alimgombeza kwa sauti ya kawaida hadi alipofariki tarehe 9 Agosti, ameushika mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani walioivumilia redio, na waashi wenzake waliochimba kaburi leo. Mjane alikuwa na neno moja tu kwao, kwamba chini ya kaburi papimwe kwa zile pima maji zote zilizotukanwa, wakapapima, na zote mbili zimekubaliana.

Basi, Mzee Timazi, huna tena cha kubishia, pamenyooka hapo, pumzika kwa amani.