Kibodi Iliyoandika Bila Kubonyezwa

Benchi la Elifuraha, muuza kahawa wa Olasiti, limeegemea ukuta wa steshenari ya Penina, kwa hiyo shida za Penina hufika benchini zikiwa bado za moto. Asubuhi hiyo shida ilikuwa kibodi. Saa tisa mchana alikuwa na mtihani wa kuchapa kwa wakili mmoja mjini, kazi aliyoiombea tangu mumewe afariki, na kila mwombaji aliambiwa aje na kibodi yake. Ya Penina ilikufa juzi. Mdogo wake Hans, ambaye siku zake huishia kwenye michezo ya kompyuta, alimwazima ya kwake ya kisasa, yenye sumaku chini ya kila kitufe.

Penina aliipitisha dirishani, waya wake ukiwa bado umechomekwa kwenye kompyuta ya dukani, akaiweka benchini.

— Inaandika kabla sijabonyeza. Nikipumzisha vidole tu, mstari mzima umejaa s.

Yoeli, fundi redio, ambaye pale huitwa Injinia, hakuigusa. Aliitazama kama daktari anayetazama mgonjwa wa daktari mwingine.

— Sumaku hiyo, dada. Mlima Meru una chuma tumboni. Inavutwa.

— Basi igeuzeni iangalie Kisongo, — alisema mzee Kasaine, aliyepewa jina la Mbunge kwa kuwa hajawahi kukosa la kuchangia.

— Kisongo kuna uwanja wa ndege, Mbunge. Ndege si chuma?

— Ndege ni bati. Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeuliza kibaba kimeingiaje. Ili kupunguza chuma, simu zote zilipelekwa kwa muuza ndizi. Elifuraha akahamishia birika lake ng'ambo ya barabara, wateja wakawa wanavuka kufuata kahawa. Herufi s ziliendelea kujipanga.

— Kidole kinachoandika s ni kipi? — Injinia akauliza. Penina akakionyesha. — Umeona? Ndicho chenye pete.

Penina aliukunja mkono. Pete ile haikuwahi kutoka tangu harusi yao Nkoaranga. Hata msibani haikutoka. Lakini saa tisa ilikuwa inakuja. Mbunge akamfariji kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Penina akaomba sabuni ya kuoshea vikombe, akaivuta pete huku ameuma mdomo, mpaka ikatoka. Akapumzisha vidole.

Sssssss.

Wakati huo Naeku, binti aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, alikuwa amesimama akiwasikiliza kwa heshima.

— Shikamooni. Mwenyewe anasemaje?

— Mwenyewe nani?

— Mwenye kibodi.

Mbunge aliangalia kikombe chake. Injinia aliangalia mlima. Penina akaenda kuchukua simu yake kwa muuza ndizi, akampigia Hans.

— Shikamoo dada. Nisamehe, nilisahau. Hivyo vitufe unavipangia mwenyewe vizame kiasi gani ndipo viandike. Mimi nimeviweka viitike kwa kuguswa tu, maana mchezoni anayechelewa amekufa.

Akamtajia vitufe viwili vya kubonyeza pamoja. Penina akabonyeza, akachapa, «Mheshimiwa Wakili». Kila kitufe kilizama kwa adabu, na hakuna s iliyozidi.

Pete, hata hivyo, iligoma kurudi, kifundo cha kidole kilikuwa kimevimba. Aliifunga kwenye pindo la leso, akaibeba kibodi kwapani.

— Lakini si nilisema ni sumaku, — Injinia akasema. — Na hicho kidole, kisayansi, kimevimba kwa sababu...

— Yoeli, — Penina alisema, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwita jina lake benchini, — uambie mlima.