Yaya Adèle Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Baada ya misimu ishirini na miwili katika Klabu ya Voliboli ya Wanawake Tujikaze, Kadutu, nahodha wetu Adèle Nabintu, dada mkubwa tunayemwita Yaya, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2024. Kamati imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa kuwa niliandika ule wa 2016 na ule wa 2019. Ndiyo, huu ni wa tatu. Mara ya kwanza tulimkatia keki, na Jumatatu akaja mazoezini. Mara ya pili tulimpa kitenge kizuri, na Jumatatu akaja mazoezini amekichana, kipande kimoja amejifunga gotini. Kocha Anaclet alimrushia mpira. Mimi nilisema mengi, ila moyoni.

Kwa wasioujua mchezo huu: Adèle ni passeuse, yule anayegusa mpira wa pili na kumwinulia mpigaji. Uwanjani tunamweka mmoja tu. Mwingine hukaa kwenye benchi, na huyo mwingine ni mimi, Asumini Ramazani, tangu mwaka 2013. Kila nilipoanza kunyoosha miguu, Yaya Adèle alinitupia jicho: "Ikala kwanza, Asumini. Nitakuita." Nikakaa. Nimeolewa nikiwa nimekaa, nimezaa watoto wawili nikiwa nimekaa. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu, kwa mvua za Bukavu, ilivuta mafua.

Yeye alianza mwaka 2002, akiwa na miaka kumi na saba, binti wa muuza maharage wa soko la Kadutu. Ametuletea makombe tisa ya jimbo na kuitwa timu ya taifa mara nne. Klabu moja kubwa ya Kinshasa ilimtaka, ikamwahidi hata nyumba. Akakataa, eti hawezi kulala mahali pasipo na mlima.

Na mlima ndio uliotuponza. Uwanja wetu umeinama. Upande wa soko uko chini, na mpira ukitoka huteremka mpaka kwa wauza samaki. Kanuni ya Adèle ni kwamba aliyeutoa ndiye anayeufuata, na yeye mwenyewe ameufuata mara nyingi, akirudi anahema na kutugombeza sisi. Basi tulizoea hivyo: ukiwa upande wa chini unapiga kwa nguvu, ukiwa upande wa juu unapunguza. Mwaka 2014 tukaenda Kinshasa kwenye ubingwa wa taifa, ndani ya ukumbi wenye sakafu ya mbao, sawa kama meza. Sarafu ikarushwa, Adèle akashinda, mwamuzi akamuuliza anachagua upande gani. Akajibu kwa swali: "Juu iko wapi?" Mwamuzi akatazama paa. Seti ya kwanza tulifungwa 25 kwa 9, mipira saba ya kuanzisha tuliipeleka nje wenyewe. Tuliporudi, mkuu wa mtaa wetu, Papa Firmin, akajitolea kuleta watu wausawazishe uwanja. Adèle akakataa! Alisema wageni nao waje wateseke. Huyo ndiye mtu niliyefanya naye kazi.

Mwaka 2021 daktari alimwambia goti limechoka, aache kuruka. Akabadilisha daktari.

Halafu ikaja fainali ya kombe la jimbo, Jumapili tarehe 16 Juni, kule Kamanyola, dhidi ya timu ya Uvira. Hilo lingekuwa kombe lake la kumi, na la mwisho. Seti ya tano, ambayo huishia pointi 15, tukiwa 13 kwa 13, Adèle akainua mkono akaomba kubadilishwa. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maishani. Nilidhani goti limekatika, na Anaclet naye alikimbia na chupa ya maji. Halikuwa goti. Alimwambia nikiwa nasikia: "Miye inatosha. Asumini aingie. Kama atapoteza, apoteze leo, miye niko hapa."

Nikapoteza. Mpira wa kwanza nilimwinulia mpigaji wetu Rosette chini mno, ukazuiwa. Wa pili uliniteleza vidoleni ukaanguka upande wetu, na watu wa Uvira wakaanza kuimba. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyojikasirikia mimi. Miaka kumi na moja ya benchi, kisha ananipa pointi mbili, tena hizo! Kwenye basi alikuja kukaa kando yangu na mahindi yake ya kuchoma, akanieleza kosa la mpira wa kwanza, kisha la wa pili, kisha akarudia la kwanza, mpaka tukamaliza kupanda milima ya Ngomo. Kombe hakulitaja hata mara moja.

Kwa niaba ya klabu nzima, asante, Yaya, kwa mikono yako na kwa ubishi wako. Tunakuombea miaka mingi ya raha, goti lililopona, na meza ambapo watoto wako watakukuta saa ya chakula. Zawadi hatukununua safari hii, tumeogopa. Jumapili ijayo, tarehe 7 Julai, tunafungua msimu mpya, na jina langu limeandikwa la kwanza kwenye orodha. Nakusihi, baki nyumbani. Na ukishindwa kubaki, simama mahali nitakapokuona.