Daftari la Penseli la Mwalimu Lemein

Tarehe zote za wasifu huu zimekaguliwa kwa vyeti, si kwa masimulizi ya jamaa, isipokuwa moja. Aliyezikagua ni Nalangu, dada mkubwa wa marehemu, na ndiye anayewasomea.

Mwalimu Lemein Sankale alizaliwa Rombo tarehe 9 Agosti 1981, kitinda mimba wa mzee Sankale na mkewe. Cheti kinasema 1982. Nalangu alikuwepo, akiwa na miaka saba, na haamini cheti hicho.

Alisoma shule ya msingi Rombo hadi 1995, kisha sekondari mjini Kajiado hadi 1999. Alikuwa mtoto mpole, mpaka watu wakashuku anaficha kitu. Siku moja kibuyu cha maziwa cha mama kilivunjika, Lemein akachapwa, wala hakufungua mdomo. Aliyekivunja alikuwa dada yake, na dada huyo ndiye aliyeshika karatasi hii.

Alihitimu ualimu mwaka 2003 na kuanza kufundisha Kitengela Januari 2005. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Immaculate Katee, kanisani Ngong. Nalangu alimchunguza Immaculate miaka miwili kabla ya kumwita wifi. Hakupata kitu, na hilo nalo lilimtia wasiwasi.

Kuanzia 2023 marehemu alifundisha sekondari msingi, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwaandaa wanafunzi wa Gredi ya Tisa kwenda sekondari pevu. Alimpa kila mwanafunzi daftari. Mara tatu kwa mwaka, Januari, Machi na Mei, mwanafunzi aliandika kwa penseli mkondo wa masomo anaotaka na sababu yake, mwalimu akausoma ukurasa, ukakunjwa na kubanwa kwa stapla. Penseli ilikuwa ya kumwezesha mtu kubadilisha mawazo bila aibu. Mzazi hakuruhusiwa kufungua. Wazazi wengi walilalamika, na aliyelalamika kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Nalangu, maana bintiye Seleyian alikuwa darasa hilo.

Mwaka jana Nalangu alitia sahihi fomu ya Seleyian iliyosema sayansi, ili mtoto awe daktari. Aliipiga picha, anayo kwenye simu mpaka leo. Mwezi wa Desemba majibu yalipotoka, Seleyian alikuwa amepelekwa sayansi za jamii. Nalangu alipanda gari hadi nyumbani kwa ndugu yake Kitengela.

"Nalangu, mimi sijagusa fomu ya mtoto," Lemein alisema. "Muulize mwenyewe."

"Nimuulize nini, na wewe ndio umemfundisha ya kusema?"

Hakumuuliza mtoto, na hakuongea tena na ndugu yake ila mara moja.

Januari mwaka huu figo za marehemu zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nalangu alidhani ugonjwa huo ni njia ya kutafuta huruma. Ni aibu kulisoma mbele yenu, lakini ni kweli, na wasifu huu umekaguliwa. Alikwenda hospitalini mara moja tu, akauliza habari ya fomu. Lemein alitabasamu, akasema, "Si umuulize mtoto, dada?" Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Jumanne, Immaculate alimletea Nalangu daftari la Seleyian. Nalangu aling'oa stapla. Ukurasa wa Januari: "Udaktari, kwa sababu ya Mama." Machi: "Udaktari, kwa sababu ya Mama." Mei: "Sheria. Shamba la Kokoo, bibi yangu, liliuzwa na hakuna mtu alisoma karatasi. Mama haamini karatasi ya mtu yeyote, na mimi niko hivyo. Anko, nitabadilisha mwenyewe siku ya kujaza chaguo kwenye kompyuta. Usimwambie, nitamwambia mimi."

Nalangu alilinganisha mwandiko na vitabu vya zamani vya mtoto, mstari kwa mstari. Ni wa Seleyian.

Marehemu amewaacha mkewe Immaculate, watoto wao Nelson na Yvonne, dada yake, na mpwa wake Seleyian, ambaye tangu asubuhi amesimama nyuma ya hema akidhani mama yake hajui.

Seleyian, nimesoma. Njoo ukae hapa mbele na mimi.

Na wewe Lemein, ndugu yangu, ulijua na ukanyamaza, nikakuadhibu kwa kukununia miezi mitatu kwa siri ambayo haikuwa yako. Hii ni mara ya pili. Nisamehe. Pumzika kwa amani. Kibuyu nilivunja mimi.