Lebo za Thelathini na Tatu

Zima hiyo santuri, kitinda mimba, nawe mkubwa weka simu chini, mje mkae hapa kitandani, maana nina maneno ya kusema na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kuchezea. Nyumba hii mnaijua, hati yake iko kabatini kwenye bahasha ya kaki. Ni yenu sawa kwa sawa, na atakayeinua ukuta katikati ya sebule hana radhi yangu. Hayo yamekwisha. Sikuwaita kwa ajili ya matofali.

Nimewaita kwa ajili ya hiyo santuri. Mwezi mzima sasa, tangu kitinda mimba aipate kwa muuza vitu chakavu, naisikia ikinguruma asubuhi na jioni, na wenzake wakusanya santuri wanajazana kwenye makochi yangu, wanafumba macho, wananiambia, mzee, hii ndiyo bendi iliyosahauliwa, sikia magita yanavyoomboleza, sikia huyu mwanamume mwenye sauti nzito ya majonzi. Wameandika hivyo mpaka mitandaoni. Mimi nageukia ukutani nauma shuka, nanyi mnadhani ni tumbo, muuguzi ananiongezea vidonge. Si tumbo, ni hasira. Hakuna mwanamume hapo, wanangu. Aliyeimba ni mama yenu.

Ndiyo, mama yenu, huyo huyo ambaye hakuwahi kuimba hata akibembeleza mtoto. Alikuwa na miaka kumi na tisa, sauti nyembamba, nyepesi, magita mawili nyuma yake yakilia kama vijiko kwenye sinia, na kaka yake kwenye ngoma akiwakimbiza wote. Ule ni wimbo wa furaha. Mtu akiusikia anaacha alichoshika.

Mimi nilikuwa kiwandani, kazi yangu kuweka lebo juu na chini ya donge la plastiki ya moto kabla mashine haijalibana likawa santuri. Kaka yake alileta kazi ile na karatasi aliyoijaza kwa mkono wake: kasi arobaini na tano, yaani mizunguko arobaini na tano kwa dakika. Ilikuwa Ijumaa, lori linasubiri, msimamizi ananifokea, na lebo za arobaini na tano zimeniishia. Nyingine zilikuwa stoo, na mwenye ufunguo kaondoka. Nikachukua za thelathini na tatu, za mwendo wa polepole. Nikasema moyoni, kwani nani husoma? Santuri mia tano, wanangu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Redioni waliisoma lebo, wakaupiga polepole, na mama yenu akasikia sauti yake imegeuka dume huku mtangazaji akicheka. Haukupigwa tena. Bendi ikaja kiwandani kutafuta wa kulaumiwa, msimamizi akaniita mbele yao, nikasema tulifuata karatasi. Wakaiomba hiyo karatasi, nikasema imepotea. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Mama yenu akamgeukia kaka yake palepale, akamwambia, "Umenizika ningali hai." Hakumtamkia neno jingine hadi kaburini. Naye aliapa kwamba aliandika sawa, akaapa mpaka akaanza kujishuku mwenyewe. Mimi nilikwenda kumpoza mama yenu kwa kumwonea huruma, nikaishia kumpenda, na kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Mara ana mimba, mara leo amecheka vizuri, nisimharibie siku. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiye mimi huyu.

Mjomba wenu ni yule fundi seremala wa barabara ya nyuma, mliyefundishwa kumpita bila salamu. Siku ya kumzika mama yenu alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Mkubwa, wewe ndiye uliyekwenda kumwambia asivuke. Nilikuona, nikanyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nimejenga wa miaka arobaini, na leo nauacha mikononi mwenu, jambo linaloniudhi kuliko kufa kwenyewe.

Basi shikeni haya. Chini ya ile bahasha ya kaki kuna santuri yangu, haijawahi kuguswa na sindano, na ndani ya jalada lake imo karatasi ile. Vyote viwili ni vya mjomba wenu. Wakusanyaji wakija na fedha zao waambieni haiuzwi. Kitinda mimba, waandikie wenzako kwamba huyo mwenye majonzi ni mama yako na alikuwa anacheka; na kosa useme ni la baba yako, usisingizie kiwanda. Mkubwa, wewe utakwenda kumwomba mjomba wako msamaha kwa ajili ya ile barabara, kwa mdomo wako, si kwa simu.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Nani huyo mlangoni? Nilimtuma muuguzi akamwite mjomba wenu, sikudhani atakuja. Mkubwa, inuka. Mpishe hapo... karibu na kichwa changu. Radhi zangu mnazo, wanangu, wote, hata wewe uliyeniudhi mwezi mzima, mpendane... msifichane.

Kitinda mimba, pembeni ya hiyo mashine pana swichi. Isukume. Hapo, penye arobaini na tano. Weka sindano taratibu.

Shemeji... karatasi yako ilikuwa sawa. Uliandika sawa. Kaa... umsikilize dada yako.