Mjukuu Aanzwe kwa Sentensi Gani?

Nje ya duka la Bi Pindo, fundi cherehani, pana benchi ambalo mguu wake mmoja ulikatika ukaungwa kwa kopo la rangi. Kila alasiri, jua likishahamia upande wa pili wa barabara, watu watatu wale wale hujibwaga hapo na birika la kahawa katikati yao. Koplo ni mlinzi wa geti la ofisi, na cheo hicho hakupewa na jeshi lolote, alipewa na sauti yake. Rangi huchora mabango ya maduka. Goli ni kinyozi, na televisheni ya kibandani kwake ni kubwa kuliko kioo. Kwa kawaida hubishana juu ya mambo yasiyowahusu ndewe wala sikio. Siku hiyo jambo liliwahusu: jioni ile Bi Pindo angezungumza na mjukuu wake aliyezaliwa ng'ambo, uso kwa uso kwenye simu, na mtoto hajui Kiswahili hata cha kuombea maji.

Bi Pindo alikuwa ameketi mlangoni, mguu kwenye pedeli ya cherehani, lakini gurudumu halikuzunguka. Siku zote binti yake hukaa katikati ya mazungumzo, akigeuza maneno ya huku yaende kule. Mara ya mwisho binti aliinuka kidogo kuangalia sufuria jikoni. Bibi na mjukuu wakabaki wakitazamana. Bi Pindo alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mtoto naye alitabasamu kwa adabu, kisha akailaza simu akaenda zake, na bibi akaachwa anaitazama dari ya nyumba ya watu. Leo binti yuko kazini. Atakayempa mtoto simu ni baba yake, naye ni mtu wa huko huko. Bi Pindo hakutaka kuiona ile dari tena.

— Jamani, mtoto ana miaka saba, alisema. Nimwanze vipi?

— Kwanza ujue Kiingereza kina sentensi za aina nne, alisema Rangi, akikwangua rangi ya bluu kwenye ukucha. Taarifa, swali, amri na mshangao. Atakayekwambia kuna ya tano, huyo tapeli.

— Na ya kumwambia mtoto ni ipi?

— Amri. Kiingereza chenyewe, Bi Pindo, ni amri tupu. Nimekichora miaka yote hii, nakijua mpaka kwapani. *Push*, sukuma. *Wipe your feet*, pangusa miguu. *Do not lean on the door*, usiegemee mlango. Mtenda umemwona hapo? Hayupo! Kitenzi kinaingia chenyewe, kinapiga kazi.

— Mtenda kaenda wapi?

Swali lilimtoka Bi Pindo bila kutaka. Shuleni kwao walifundishwa kwamba kila sentensi ina mwenyewe.

— Mwenyewe si wewe unayesoma bango! Utajwe tena ya nini, na umeshajijua?

— Kwa hiyo bibi wa watu ampigie mjukuu simu kumwambia asiegemee mlango? aliuliza Koplo.

— Nasema aanze kwa nguvu.

— Mtoto atalia. Dada, usimsikilize huyu. Kiingereza ni maswali. Kitazame kinavyojipanga. Ukitaka kusema, unasema *you are*. Ukitaka kuuliza, lile *are* linachomoka mstarini linakuja mbele: *are you?* Sisi huku tunapandisha sauti mwishoni, basi, mambo yamekwisha. Kwao neno zima linahama, linasimama getini, linazuia gari. Ile lugha ilitungwa na walinzi.

Goli alipaliwa na kahawa.

— Ilitungwa na nani?

— Na walinzi. Bisha! Mwambie mtoto hivi: *Who are you? Where are you from? Who do you want to see?* Wewe nani, umetoka wapi, unataka kumwona nani. Nimewauliza hivyo wakurugenzi wazima, na wakajibu wamesimama.

— Na kitambulisho amwachie? aliuliza Rangi.

— Akiwa nacho.

— Nyie wote mmepotea njia, alisema Goli, akijifuta kidevu. Mshangao ndio mama wa sentensi zote. Mtu wa kwanza kusema Kiingereza alijikwaa. Akapiga ukelele: *What a stone!* Wenzake wakamkimbilia, mmoja akauliza umeumia wapi, hilo swali la Koplo. Mwingine akasema liondoeni hilo jiwe, hiyo amri ya Rangi. Jioni wakaenda kuwasimulia wake zao, ikawa taarifa. Taarifa, mabwana, ni mshangao uliopoa.

— Umelisoma wapi hilo?

— Kusoma kwa nini na macho ninayo? Mtangazaji akisema *What a goal!* hata asiyejua A wala B anaruka kitini. Wembe wangu uko shingoni mwake na anaruka! Lugha gani nyingine ina nguvu hiyo?

Bi Pindo alicheka mpaka akatoa mguu kwenye pedeli. Hata hivyo kuna jambo lilimvutia. Kila mmoja wao alikuwa amekidaka Kiingereza pale kilipompitia: Rangi bangoni, Koplo getini, Goli kwenye televisheni. Kila mmoja alikishika kona moja akadhani ameshika shuka zima. Na yeye? Yeye alibaki na taarifa za darasani. *This is a chair.* Akajiona anamwonyesha mjukuu kiti.

— Mimi ninazo taarifa, alisema. *I am your grandmother. I sew clothes.* Mimi ni bibi yako. Ninashona nguo.

— Hizo sentensi sahili, alisema Rangi. Fupi fupi. Mtoto atadhani bibi yake ana kigugumizi. Ziunge.

— Niziunge kwa neno gani?

— Kwa *and*. Utapata sentensi ambatano.

Bi Pindo aliokota mezani vipande viwili vya sketi, akavilaza ubavu kwa ubavu.

— Yaani kila kimoja kilikuwa kizima, ila nimevipitishia mshono.

— Hapo hapo!

— Na changamano je?

Rangi alikuna kidevu. Koplo alijimiminia kahawa ambayo hakuihitaji.

— Changamano ni ndefu, alisema Rangi.

— Ndefu tu?

— Ndefu yenye matatizo, Koplo alimsaidia.

— Hapana, alisema Bi Pindo polepole. Kuna lile neno *because*. Nikisema, kwa sababu nimekukumbuka, halafu nikanyamaza, wewe si utangoja? Kama ukikuta mkono wa shati peke yake mezani. Unajua shati lipo mahali.

— Basi na wewe shona shati! alisema Goli.

Wakalishona wote wanne. Mimi ni bibi yako, na ninashona nguo, na ninakupigia kwa sababu ninataka kusikia sauti yako. Koplo alimrudisha mwanzo kila alipokwama. Goli alitaka mbele pawekwe mshangao, *What a handsome boy!* yaani mvulana mzuri alioje! Rangi alitaka mwishoni pawekwe amri ya kula chakula. Sentensi ikanenepa. Bi Pindo aliifikisha mwisho akihema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia, nao benchi zima wakampigia makofi.

— Samahani.

Aliyesema ni mwanamke mgeni, mwenye sketi mkononi. Zipu yake ilikuwa imeng'oka, naye alikuwa amesimama pembeni muda wote akingoja wamalize.

— Huyo mtoto, aliuliza, anapenda nini?

Bi Pindo alifungua kinywa. Alijua mtoto alizaliwa na uzito gani. Alijua jino lipi limeng'oka na kiatu kipi kinambana, maana binti yake hakosi kumweleza. Anapenda nini?

— Mpira, alisema Goli. Mtoto wa kiume huyo.

— Wamiliki wa maduka ya watoto huniagiza nichore puto, alisema Rangi. Atakuwa anapenda puto.

— Nimeuliza huyo, alisema mwanamke. Mjukuu wa mama hapa.

Koplo, mtu wa maswali, aliitazama kahawa yake kana kwamba ilikuwa na jambo la kumwambia.

Kabla Bi Pindo hajapiga, simu ikaita.

Uso wa mtoto ulijaza kioo cha simu, pengo mbele, nywele hazijachanwa. Nyuma yake baba mtu alipunga mkono na kutoweka. Bi Pindo alilitafuta lile shati lake refu kichwani, asione hata kifungo. Benchi zima lilimwinamia.

— *What do you like?* aliuliza.

Mtoto alimkazia macho. Kisha akakurupuka na simu mkononi: sakafu ikapita, ngazi zikapita, mlango, majani mabichi. Aliporudi alikuwa ameinua chupa ya kioo yenye udongo ndani, na ukutani mwa chupa kitu kilitambaa taratibu na nyumba yake mgongoni. Mtoto alikuwa akiongea mfululizo, maneno yakikanyagana.

— Anasema nini? alinong'ona Goli.

— Anaongea mbio, hasimami popote, alilalamika Koplo.

Bi Pindo aliisogeza simu mpaka ikakaribia pua.

— Konokono! alisema.

— Kono...?

— Konokono.

— Konokono! Mtoto alicheka, akamwambia tena yule mnyama jina lake, halafu akamgeukia bibi yake, uso ameukaza. *Why?*

— Anauliza kwa nini anaitwa hivyo, alisema Rangi.

— Nimeelewa. Kwa nini anaitwa hivyo?

Rangi alimtazama Koplo. Koplo alimtazama Goli. Mwanamke wa zipu alitikisa kichwa.

— *I don't know*, alisema Bi Pindo, na hiyo sentensi ya sijui hakutungiwa na mtu.

Mtoto aliipokea kama zawadi. Alivuta kiti, akakaa, akaiweka chupa katikati yao ili bibi naye aone vizuri.

— Muulize anamlisha nini, alinong'ona Koplo, naye tayari alikuwa ameinuka kwenye benchi ili achungulie.